Sekunde Nne za Bi Nukta

Mume wangu wa zamani namwita Marehemu, ingawa yu hai, anakula vizuri, na juzi nimemwona na viatu vipya. Namtaja mapema ili nisije nikaonekana namsingizia huko mbele. Lakini habari hii si yake. Ni ya jirani yangu wa kibanda, fundi saa, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Nukta, na ambaye kwa muda wa wiki mbili nilimchukia kuliko hata Marehemu. Sikujua kama jambo hilo linawezekana.

Vibanda vyetu vimepakana nyuma ya duka la rangi. Kati yetu kuna ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya, mimi ndiye ninayetafuta leso. Upande wangu kuna meza ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni, na cherehani ya kukodi ambayo kila mwisho wa mwezi mwenyewe huja kuipapasa kama mtu anayeangalia kama mwanawe ananyonya vizuri. Upande wake kuna saa arobaini na zaidi ukutani, na hakuna mbili zinazokubaliana. Ukimuuliza Bi Nukta saa ngapi, hatazami hata moja kati ya hizo. Anatazama ile ya mkononi, kisha anakutajia saa, dakika na nukta zake. Ndiyo maana ya jina.

Ufundi hakuusomea. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Mikono ya mume ilipoanza kutetemeka, mke akawa anashika kibano badala yake, mume akielekeza kwa mdomo: toa hiyo, geuza, pole pole, usipumue. Siku moja mume akagundua kwamba hajaelekeza chochote tangu asubuhi, na saa sita zimeshapona. Wateja waliendelea kumuulizia fundi. Bi Nukta, lenzi ikiwa jichoni, aliwaambia fundi ametoka kidogo, waache saa. Hata baada ya mume kuzikwa aliendelea kuwajibu wageni hivyo hivyo. Anasema hakudanganya, alipunguza tu maelezo.

Ni mama wa kicheko. Akicheka, anacheka mpaka na magoti, na lenzi inamdondoka. Ameifunga kwa uzi shingoni kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa sijacheka vizuri kwa miaka mitatu, na kicheko chake kilikuwa kinapita kwenye mbao na kunikuta nimenuna, kikazidi kuniudhi.

Sasa nije kwenye kitani.

Simu yangu ina ule mnada wa mtandaoni. Mtu anaweka picha ya kitu chake, kinakaa siku saba, wanaokitaka wanapandisha dau mmoja juu ya mwenzake, na saa ndogo pembeni inahesabu kurudi nyuma. Ikifika sifuri, aliye juu ndiye mwenyewe. Hapo niliona jora la kitani cha buluu, buluu ya anga baada ya mvua, na nikajua nitakikata vipi kabla sijajua bei. Niliweka elfu kumi na nane siku ya kwanza. Siku ya pili niko juu. Siku ya tatu niko juu. Siku ya sita nilikuwa nimeshawaahidi wateja wawili. Alhamisi, saa nne kasoro asubuhi, niliiweka simu kando ya mkasi nikaitazama kama mtu anavyotazama maziwa jikoni yasije yakafurika. Kumi. Tisa. Nane. Nikaanza kutabasamu. Tatu, na hapo dau likaruka: elfu kumi na tisa, jina Kipepeo. Sifuri. Kwisha.

Nilikaa na mdomo wazi. Kisha nikamwandikia huyo Kipepeo, kwa herufi kubwa maana ndogo zilikuwa bado zinanichanganya: MWIZI. NILIKAA SIKU SITA. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumwandikia mtu nisiyemjua, na niliona fahari kidogo katikati ya hasira.

Jumanne yake Bi Nukta akazunguka ukuta, furushi kwapani. Akasema, mdogo wangu, nishonee gauni la kutokea, nimechoka kuonekana kama mfuko wa spea. Akafungua furushi. Buluu.

Nilimuuliza amekipata wapi. Alijibu, akichekelea, kwamba amekipata mnadani kwa bei ya kuokota, na kwamba kulikuwa na mjinga mmoja aliyemtukana kwa herufi kubwa kubwa.

Mjinga huyo alikuwa ameshika utepe wa kupimia. Nilimpima kifua, kiuno na nyonga. Siku ya kujaribu gauni, pini ya kwanza ilimgusa kwa bahati mbaya. Ya pili siwezi kuapa. Kwenye ya tatu aliruka, akanitazama kwenye kile kioo kilichopasuka, akaona uso wangu katika vipande viwili, na vyote viwili vimevimba.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Kipepeo wewe."

Basi akacheka. Alicheka amesimama na gauni la nusu, pini zikimchoma kila anapotikisika, anasema ai, anacheka tena, ai, anacheka. Mteja wa duka la rangi alikuja kuchungulia.

Tuligombana siku nyingi juu ya jambo lile, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukisemezana kupitia mbao huku kazi zinaendelea. Mimi nilimwambia nilitangulia, na aliyetangulia ana haki yake. Akasema ule si mstari wa bombani, ni bei. Kama kitani kilikuwa na thamani ya elfu ishirini kwangu, kwa nini sikusema ishirini? Nikasema nilisema kumi na nane kwa sababu hakuna aliyenijibu. Akasema, kumbe ulitaka tukujibu mapema ili ujue pa kusimama. Nikamwambia kwenye mnada wa uwanjani mnadi anaita mara ya kwanza, mara ya pili, halafu anazungusha macho, anamtazama kila mtu usoni kabla ya kugonga. Kila mtu anapewa nafasi ya kujibu. Simu haimtazami mtu. Hapo nikasikia kibano kinawekwa chini.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Simu haina macho."

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Mume alipokufa, shemeji zake walitaka kibanda kile, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, kikapigwa mnada hadharani. Walijua mjane anakitaka. Walikubaliana kwamba popote atakapofika, watamsukuma mpaka ashindwe kulipa. Bi Nukta akaenda, akakaa nyuma kabisa na sanduku la spea mapajani, kimya. Hakunyosha mkono. Shemeji wakaanza kupongezana. Mmoja akatoka nje kuvuta sigara, na ndiye aliyekuwa ameshika hela. Mnadi akaita mara ya pili, akazungusha macho, na macho yalipofika nyuma yakakuta mkono wa mjane uko juu. Shemeji akarudi mbio, sigara mdomoni, akakuta nyundo imeshagonga.

"Mdogo wangu, ukiwa mnyonge," akaniambia, "ukisema mapema unachokipenda, umewaonyesha pa kukubana."

Nilimwambia kitani changu hakikuwa na shemeji ndani yake. Akakiri. Akasema lile la kitani lilikuwa tamaa tu.

Ikapita wiki moja, na siku ya Jumapili nikaiona cherehani ya mama yangu.

Hapa lazima nirudi nyuma. Mimi sikusoma, shule nyumbani kwetu ilikuwa ya kaka zangu. Mama alinifundisha kushona kwa cherehani nyeusi ya miguu aliyoilipia kwa kushona sare za shule miaka minne. Alipokaribia kufa aliniachia mimi. Siku ya kuachana na Marehemu tuliitwa kikao cha familia, na yeye akaja na karatasi iliyoandikwa vizuri, akasema ni ya kugawana vyombo. Nikaweka kidole gumba cha kushoto. Kumbe karatasi ilisema kila kilichomo nyumbani ni chake, na cherehani imetajwa ya tatu, baada ya kitanda na kabati. Wazee waliisoma, wakaona kidole, wakaniambia yaliyoandikwa yameandikwa. Mwezi uliofuata nilijiandikisha darasa la watu wazima. Sikwenda kutafuta elimu. Nilikwenda kwa hasira, na hasira ni mwalimu mkali, haikosi kipindi.

Kwa hiyo niliyasoma mwenyewe maneno chini ya ile picha: cherehani ya zamani, nzima, inafanya kazi. Mtoto wa meza, ile droo ndogo, alikuwa na kishikio kilichokuwa kifungo cha koti, cha kahawia, matundu manne. Nilikifunga mwenyewe nikiwa na miaka kumi na moja.

Sikufikiri. Niliweka elfu thelathini pale pale. Saa moja haijapita, mtu anayejiita Mpole akaweka thelathini na tatu. Nikaweka thelathini na nne. Mpole thelathini na nane. Nilikuwa na elfu sitini, zote nilizokuwa nazo duniani, na kidole kilikuwa kinanyanyuka tena ndipo mkono wenye harufu ya mafuta ya saa ulipoifunika simu.

Bi Nukta aliusoma ule mnada kama anavyosoma saa iliyosimama, kwa kufungua nyuma. Akanionyesha vitu vyote vya muuzaji yule: kitanda, kabati, redio. Kwenye kila kimoja Mpole alikuwepo. Kwenye kila kimoja Mpole alipandisha pale tu mtu mwingine alipopandisha. Na tangu Mpole azaliwe hakuwahi kununua kijiko.

"Huyu Mpole," akasema, "ana viatu vipya?"

Marehemu alikuwa anapandisha bei ya mali yangu kwa jina la uongo, na mimi namfuata ngazi kwa ngazi kama mbuzi anayefuata jani. Nilitaka kwenda kwake na mkasi. Bi Nukta akaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu, nirudi kwenye kazi, nisiguse simu mpaka Jumamosi. Mpole abaki juu na thelathini na nane zake, aone raha ya kujiuzia.

Siku tatu nilishona vibaya. Nilimwekea mteja mmoja mikono miwili ya kushoto.

Alhamisi Marehemu akaja mwenyewe. Alijidai ameleta saa ya ukutani kwa Bi Nukta, lakini macho yalikuwa upande wangu. Akasalimia, akauliza kazi, akauliza afya, akatazama cherehani ya kukodi. Mwishowe akasema, kama mtu aliyekumbuka, kwamba ile mashine ya mama iko mnadani, watu wanaigombea.

Kwenye ufa wa mbao niliona lenzi ya Bi Nukta imeganda.

"Nimeiona," nikamwambia, nikikata uzi kwa meno. "Nikaipandisha mara mbili kwa ujinga. Kisha nikakumbuka pedali yake ilivyokuwa inaniumiza goti. Atakayeipata aipate. Nimeshaagiza ya umeme."

Sijawahi kusema uongo mzuri namna ile. Nilimwona anahesabu kichwani. Alisahau hata kuiacha saa yake, akaondoka nayo kwapani, na kutoka upande wa pili nikasikia mtu anajizuia kucheka kwa kuuma kitambaa.

Sheria ya ule mnada inamruhusu mtu kujitoa kabla ya siku ya mwisho. Ijumaa asubuhi Mpole akajitoa. Bei ikaanguka mpaka thelathini na nne, dau langu la zamani. Nilishangilia, Bi Nukta akanituliza. Na kweli, mchana akaja mtu mwingine, jina lake Sindano, akaweka thelathini na tano. Tulimchunguza: alikuwa mtu wa kweli, amenunua vitambaa, vifungo, pasi. Fundi kama mimi, mahali fulani.

"Nimjibu?" nikauliza.

"Ukimjibu, Mpole anafufuka."

Jumamosi mnada ulikuwa unafungwa saa nane mchana. Tangu saa saba Bi Nukta alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, amevaa gauni la buluu, gauni langu, kwa heshima ya shughuli. Alikuwa ametumia asubuhi nzima kuilinganisha ile saa yake ya mkononi na saa ya mnada, kwa sababu simu zetu, alisema, huchelewesha habari. Kutoka kidole kubonyeza mpaka mnada kusikia ni sekunde moja na nusu, wakati mwingine mbili. Kwa hiyo tungebonyeza ikibaki nne. Ikibaki tano, Marehemu anaweza kuwahi kujibu. Ikibaki tatu, tunaweza kuukosa mlango.

Nilikuwa nimeandika tayari elfu thelathini na sita. Kilichobaki ni kubonyeza. Ili nisibonyeze mapema nikachukua upindo wa suruali nikawa nashona kwa mkono. Dakika mbili. Sindano yuko juu. Dakika moja. Kimya. Nilimwonea huruma Sindano, halafu nikaacha, maana moyo haukuwa na nafasi.

"Kumi," akasema Bi Nukta. "Saba. Sita. Tayari. Sasa."

Nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena kwa nguvu, ikasikika ko, ko, kama kuku anadonoa bati. Kidole changu cha kulia kilikuwa kimevaa kastabini, ile kofia ya chuma ya kuzuia sindano, na simu haisikii chuma. Miaka thelathini ninaivaa kiasi kwamba naiona ni ukucha.

Bi Nukta alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa binadamu. Akaikamata kastabini kwa meno. Yeye anavuta kidole changu kwa meno, mimi mkono wa kushoto unatafuta simu peke yake kama kipofu, na kidole gumba, kile kile, cha wino, cha karatasi ya Marehemu, kikatua juu ya kioo.

Sifuri.

Gurudumu dogo likazunguka kwenye simu. Likazunguka. Bi Nukta ana kastabini mdomoni, hapumui. Kisha likatokea jina langu, elfu thelathini na sita, na maneno niliyoyasoma herufi kwa herufi nisije nikakosea: hongera, ni yako.

Tulianguka. Sina neno jingine. Kigoda kilikwenda upande wake, sisi upande wetu, tukacheka chini kwenye vipande vya vitambaa mpaka mwenye duka la rangi akadhani kuna mtu amezimia, akaja na maji. Bi Nukta alipojaribu kueleza, kastabini ikamtoka mdomoni ikagonga ndoo, tukaanza upya. Miaka mitatu ya kicheko ilinitoka siku moja, na ubavu uliniuma mpaka Jumatatu.

Jioni simu ikalia. Sindano ameniandikia: Nilikaa juu tangu jana. Huu si uungwana.

Nilikaa na maneno yale. Bi Nukta alisema nisijibu, lakini nilijibu, kwa herufi ndogo sasa: Ni kweli. Ilikuwa ya mama yangu. Baada ya muda akaandika: Ungesema, ningejitoa. Na huenda kweli angejitoa. Lakini ningesemea wapi asisikie Mpole? Nimegeuza swali hilo mara nyingi kama nguo ya kugeuza, na kila upande una mshono. Kumpiga Marehemu kwa sekunde nne naona ni haki na ningerudia kesho. Kumpiga Sindano kwa sekunde zile zile, sijui. Nilimwambia akiwa na kazi imemzidi aniletee, nitamshonea bure ya kwanza. Bado hajaja.

Cherehani ililetwa Jumanne, kwa mkokoteni, Marehemu mwenyewe anasukuma nyuma, maana kwa sheria ya mnada muuzaji hufikisha mzigo. Aliponikuta mlangoni, alisimama kama aliyekanyaga waya. Akaanza kusema kuhusu umeme. Nikamwambia ya umeme nimeahirisha.

Kulikuwa na karatasi ya makabidhiano. Akaitandaza mezani, akaweka kidole mahali pa kusaini, akasema weka hapo tu, ni ya kawaida.

Nikavuta kigoda nikakaa. Nikaisoma yote, kwa sauti, kuanzia tarehe. Pale penye neno gumu nilirudi nyuma nikalianza tena. Jua lilikuwa kali, na kulikuwa na kiti kimoja tu. Mbao upande wa pili zilikuwa zinatetemeka.

"Tangu lini unasoma?" akauliza.

"Tangu uondoke nilipata nafasi."

Nikaandika majina yangu, yote matatu, bila wino wa kidole. Alipoondoka Bi Nukta alizunguka ukuta, tukaisogeza cherehani mpaka dirishani, nikaipaka mafuta yake ya saa, nikatia uzi. Kazi ya kwanza niliyoishona juu yake ilikuwa upindo wa lile gauni la buluu, ambao tulikuwa tumeuchana siku ya kuanguka. Pedali inaumiza goti kweli. Nilimtoza bei kamili, kwa ajili ya kitani, naye akalipa huku anacheka.